Kazi ya Kuwepo

Wanawake wa chini walimwita Dada Kioo, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na mama yake. Chini ni ukumbi wa kufungashia sabuni ya unga, mahali ambapo vumbi jeupe hutua juu ya kope na kukupigisha chafya mpaka kichwa kigonge. Juu, mwisho wa ngazi ya chuma, kuna chumba chenye ukuta mmoja wa kioo kinachotazama ukumbi wote, na mlangoni pameandikwa MAABARA. Humo ndimo alimokaa yeye, ndani ya koti jeupe lisilo na doa hata moja, tangu geti linapofunguliwa asubuhi mpaka honi ya jioni. Mfungashaji mgeni akiuliza yule dada kazi yake nini, wenzake walimjibu, "Yule ndiye mkemia."

"Eeh, lakini anafanya nini?"

"Si nimeshakwambia? Ni mkemia."

Hakuwa mtu wa kukaa kitako. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa akisimulia jinsi bintiye alivyokuwa akiichanganya bluu ya nguo na maji ya limau kwenye vikombe vya chai, mpaka vikombe vya nyumba nzima vikawa na rangi zisizotoka. Alisoma kemia kwa mapenzi. Alipomaliza shahada ya kwanza alizunguka na bahasha yake ofisi hadi ofisi, akaambiwa aache namba ya simu, na simu haikulia. Akadhani kosa ni ngazi yake kuwa fupi. Akarudi chuoni, akasoma uzamili, akatoka na alama nzuri kuliko wenzake wote.

Hapo ndipo mambo yalipozidi kwenda mrama. Shule binafsi zilimwambia amesoma mno, hatakaa. Viwanda vilimwambia hana uzoefu. Chuo kilekile kilichompa shahada kilimwambia bila uzamivu hawezi kufundisha. Kwa mlango huu alikuwa mrefu mno, kwa ule mfupi mno. Wenzake wa darasa nao walitawanyika. Mmoja aliuza bima. Mmoja alikaa dirishani benki akihesabu noti za watu. Mmoja alifungua duka la vipodozi, na huyo ndiye aliyenona. Wengine walirudi tena chuoni kusomea uzamivu, kisa hosteli ina kitanda na nyumbani kuna maswali.

Aliyemwokoa alikuwa mjomba wake, dereva wa mwenye kiwanda. Siku moja akiwa kwenye usukani alimsikia bosi wake akilalamika kwenye simu kwamba mkemia wao ameolewa na kuhamia mbali, na bila mkemia leseni haitoki. Mjomba akageuza shingo. "Bosi, samahani kwa kusikiliza. Mimi nina mpwa wangu."

Mama alishona gauni jipya la bluu kwa ajili ya siku ya kwanza ya kazi. Mtaa mzima ukaambiwa.

Mwenye kiwanda, ambaye kila mtu alimwita Tajiri hata mbele yake, alikuwa mzee mpole wa sauti ya chini, na hakuachana na leso yake. Dada Kioo, ambaye bado hakuwa na jina hilo, aliikagua maabara yake mpya kwa roho juu. Mashine ya kupimia ukali wa maji ilikuwa imekufa. Chupa zilikuwa bado kwenye maboksi, zimefunikwa na magazeti yaliyogeuka rangi ya chai. Akateremka ofisini akiwa na mengi ya kuomba.

"Shikamoo, bosi. Naona maabara haina dawa za kupimia, na ile mashine..."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza." Tajiri alijifuta paji la uso. "Unga wetu unakuja kwenye magunia, umeshachanganywa huko unakotoka. Sisi tunatia harufu, tunafungasha, basi. Utapima nini?"

"Sasa kazi yangu itakuwa ipi?"

"Kuwepo."

Alidhani anataniwa. Tajiri hakucheka.

"Leseni inataka kiwanda kiwe na mkemia mwenye shahada ya juu, awepo muda wote wa kazi. Mkaguzi haji kwa taarifa. Akikuta chumba kitupu, tunafungwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo wewe uwepo. Kunywa chai. Soma gazeti. Ukiumwa, niambie mapema." Kisha akakumbuka jambo. "Na ule uzamili wako, niletee cheti chenyewe, si nakala. Tunautia fremu."

Ukatiwa fremu, ukapigiliwa ukutani karibu na kizima-moto.

Miaka ikaanza kupita pale juu. Mwanzoni alisoma vitabu vyake vya chuo. Baadaye alisoma riwaya. Baadaye alifuma, na nusu ya watoto wa wafungashaji wakavaa sweta zake. Alijua kutoka kwenye kioo nani ana mimba kabla hajasema, nani kagombana na nani, nani anasinzia akisimama. Alijua pia sauti ya gari la ukaguzi. Mkaguzi alikuja mara chache, mtu mwembamba mwenye miwani, akapanda ngazi, akamwangalia yeye, akaangalia cheti, akaangalia kizima-moto, akashuka. Hakuwahi kukaa hata dakika ya kumaliza kikombe.

Nyumbani hakusema kitu. Angeanzia wapi? Mama alikuwa amewaambia wateja wake wote kwamba bintiye ndiye anayepima sabuni ya nchi nzima. "Mkifua mkaona povu," aliwaambia akiwa ameshika pini kwenye meno, "mjue ni mkono wa mwanangu huo." Mshahara haukuwa mbaya, na ulikuja bila kukosa. Macho ya mama yalikuwa yamechoka kwa sindano, na wateja walikuwa wakipungua, kila mtu ananunua nguo zilizokwisha shonwa. Jioni mama alimuuliza, "Kazi ilikuwaje?" naye akajibu, "Nzuri, mama," na huo haukuwa uongo mkubwa.

Siku maabara ya mamlaka ya maji ilipotangaza nafasi ya mkemia, alihisi kama mtu aliyeitwa jina lake halisi. Alituma nakala za vyeti, akaitwa. Kazini akaaga kwamba jino linamsumbua. Tajiri alimpa ruhusa ya nusu siku huku akiangalia getini kwa wasiwasi.

Maswali ya mdomo aliyajibu kama maji. Waliokuwa wakimsaili walianza kutabasamu. Kisha wakampeleka mezani, wakamwekea bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye bomba dogo chini, na chupa yenye asidi isiyojulikana nguvu yake, iliyotiwa dawa ya kugeuza rangi. Kazi ilikuwa ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: kudondosha magadi tone kwa tone mpaka maji meupe yapate kivuli cha waridi, kivuli kidogo tu, halafu kufunga. Alishika bomba. Vidole vikawa vya mtu mwingine. Akafungua, akasubiri, akafungua tena kidogo, na chupa nzima ikageuka rangi kama juisi ya sherehe. Akarudia. Ikageuka tena.

Msimamizi wa zoezi alikuwa kijana mwenye adabu. "Dada, mara ya mwisho umeshika bureti lini?"

"Chuoni."

"Na hapo kazini kwako?"

Akasikia uso ukiwaka moto. Akafunga bomba, na kijana akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Aliporudi kiwandani mchana ule wanawake walimpa pole ya jino. Akapanda ngazi, akakaa kwenye kiti chake, akaitazama mikono yake. Hakulia. Alihisi kitu kibaya kuliko kilio, kama mtu anayegundua kwamba nguo aliyoihifadhi kabatini kwa ajili ya siku njema imeliwa na nondo.

Wiki iliyofuata alinunua bureti na kichupa cha dawa ya kugeuza rangi kwa hela yake kwenye duka la vifaa vya shule. Magadi makali yalikuwepo chini, pipa zima, kwa ajili ya kuzibulia mitaro. Siki aliinunua dukani. Akafungua maboksi, akaosha chupa, akafunga stendi mezani, akaanza upya kama mtoto anayejifunza kushika kalamu. Alidondosha asubuhi, alidondosha mchana. Siki ilinuka mpaka kwenye ngazi. Chini, wafungashaji waliinua vichwa.

Aliyepanda kuuliza alikuwa Mama Mizani, mwanamke mnene anayepima pakiti, mkubwa wao wote kwa umri na kwa mdomo. Alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Dada Kioo, leo umeamka?"

"Nimeamka, mama."

"Unapika achari?"

"Najikumbusha kazi."

Mama Mizani alitazama tone likianguka. Maji yakageuka waridi hafifu, yakabaki hivyo. Dada Kioo akafunga bomba na kupumua. Lilikuwa la kwanza kumtii.

"Zuri," Mama Mizani alisema. Kisha akaweka kikombe mezani, na sauti yake ikashuka. "Mtu hajikumbushi kazi bure. Unataka kuondoka."

"Nikisema ndiyo?"

"Nitakwambia nenda, maana ungekuwa mwanangu ningekwambia nenda. Lakini yule mkemia wa kabla yako alipoolewa, tulikaa nyumbani mpaka wewe ulipoletwa. Mimi niliuza kitanda. Basi, nimesema. Kunywa chai itapoa."

Tajiri naye alipanda, jambo alilokuwa halifanyi. Alisimama mbali na meza kana kwamba bureti ingemrukia.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Mazoezi, bosi."

"Mazoezi ya nini? Kuna kitu kimeharibika?"

"Hapana."

"Basi usikitafute," alisema kwa upole uleule, akajifuta jasho, akashuka.

Mikono ilirudi. Nafasi hazikurudi. Alituma maombi huku na kule, na majibu yalikuwa yale ya zamani yenye nyongeza: miaka yote hiyo kiwandani, umefanya nini? Aliandika "udhibiti wa ubora", akaona aibu, akaacha hivyohivyo.

Kisha maabara ileile ya maji ikatangaza nafasi ya chini, msaidizi wa maabara. Walitaka mtu mwenye astashahada ya kemia, wa kuosha vyombo, kutayarisha dawa, kupima sampuli za kila siku. Kupima kila siku! Aliwaza mpaka akafikia uamuzi. Kabla ya chuo kikuu alikuwa na astashahada. Akaiandika hiyo peke yake. Shahada ya kwanza akaifuta, uzamili akaufuta, miaka ya kiwandani akaiita "kibarua katika kiwanda cha sabuni". Alipoyasoma maisha yake yaliyobaki kwenye karatasi, aliona yametosha nusu ukurasa.

Safari hii jino liliuma upande wa pili. Mezani alidondosha kwa mkono uliotulia, mara tatu, na mara zote tatu kivuli cha waridi kilikuja kama kimeitwa. Kijana mwenye adabu hakuwepo. Mwanamke aliyesimamia zoezi alimnong'oneza mwenzake, "Huyu tumempata." Wakamwambia amebakiza kuzungumza kidogo na jopo, ni utaratibu tu.

Mle ndani walikuwa watatu. Wa katikati alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani.

Mkaguzi, aliyealikwa kwenye jopo kama mtaalamu wa nje, alisoma karatasi, akamtazama, akasoma tena. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sisi tunajuana," alisema. "Wewe si yule mwenye uzamili pale juu ya ngazi ya chuma?"

Wenzake walicheka wakidhani ni utani, kisha wakaona sura ya msailiwa, wakarudi kwenye karatasi zao.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alimfuata mpaka kwenye korido na kumkuta amesimama mbele ya ubao wa matangazo akisoma tangazo asiloliona.

"Dada, kuficha elimu kwenye maombi ni kosa kama kuizidisha. Ningeweza kuandika barua. Sitaandika."

"Asante."

"Lakini hata wenzangu wakikutaka, kanuni haziruhusu. Nafasi hii ni ya astashahada, mwenye uzamili anatolewa. Na jambo jingine, leo ni siku ya kazi. Wewe uko hapa. Kule juu yuko nani?"

Akaikunja bahasha yake.

"Mimi si nimekuona hapa kwa macho yangu? Nikifuata sheria, nikitoka hapa nakwenda kukifunga kile kiwanda." Alitazama saa, akatazama sakafu. "Rudi kazini. Upesi."

Labda ni hasira iliyomtoa maneno, maana kwa kawaida alikuwa mtu wa haya. "Mkaguzi, wewe unajua kwamba pale hakuna kazi. Umepanda ile ngazi mara ngapi? Umewahi kuniuliza hata swali moja?"

"Sijawahi."

"Kwa nini?"

"Fomu yangu haina hilo swali." Aliinamisha kichwa. "Mimi mwenyewe nina uzamili wa kemia. Nilisomea rangi za mimea. Sasa naangalia kama cheti kiko ukutani na kama kizima-moto kimejaa. Unadhani nafurahi?" Akashusha pumzi. "Ukitaka kuondoka pale salama, tafuta mwenye uzamili mwingine akae badala yako. Hapo hakuna wa kukuzuia, si mimi wala Tajiri."

Habari zilifika kiwandani kabla yake, sijui kwa mdomo wa nani. Mjomba alikuwa akimsubiri getini, kofia mkononi.

"Umetaka nimwage unga, mpwa wangu? Uzeeni huku, nimwage unga?"

"Mjomba, nilitaka kazi."

"Na hii ni nini? Watu wanailia hii! Unakaa kivulini, unalipwa, hakuna anayekupigia kelele. Mimi nimeendesha gari la mtu maisha yangu yote, nikakuombea wewe kiti, na kiti kinakuchoma?"

Alimpita akapanda ngazi, maana kila neno la mjomba lilikuwa kweli.

Tajiri hakumgombeza. Siku chache baadaye walipanda vijana wawili wakiwa wamebeba kiti kipya, cha ngozi, chenye mgongo wa kulala nyuma na magurudumu chini. Aliambiwa pia mshahara utaongezwa. Alikikalia kile kiti, kikamlaza taratibu kama mgonjwa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Aligeuka akaupa mgongo ukuta wa kioo, wasimwone.

Jioni ile mama alipouliza kazi ilikuwaje, alimwambia yote. Kwamba hapimi sabuni ya nchi wala ya mtaa. Kwamba analipwa kwa kukaa. Mama alisimamisha cherehani. Alinyoosha kipande cha kitambaa gotini, kwenda na kurudi, mpaka bintiye akajuta kusema.

"Kwa hiyo lile povu si lako," mama alisema mwishowe.

"Si langu, mama."

"Haya." Akanyoosha tena kitambaa. "Unataka kuacha?"

"Nataka."

"Uende wapi?"

"Sijui."

"Mimi sitakuzuia. Chakula tutapata, hata kama kidogo. Lakini usiache kwa hasira. Acha ukiwa unaona pa kukanyaga."

Basi akatafuta wa kumrithi. Hakuhangaika sana. Alimwambia yule mwenzake wa vipodozi, naye akawaambia wengine, na Jumatatu asubuhi walikuwa wamejipanga nje ya geti na bahasha zao, wote wana uzamili, wote wamepiga pasi. Kutoka juu aliziona kola zao. Kati yao akamchagua mwanamke aliyemzidi umri, mpole, mwenye viatu vilivyotiwa rangi upya pembeni. Akampandisha juu, akamwonyesha chumba, na akamwambia ukweli bila kupaka rangi.

"Hapa hakuna kazi. Utakaa tu. Mikono itasahau. Wakikuita kwingine utashindwa hata kudondosha tone."

Mgeni alizungusha macho: meza, kioo, kiti cha ngozi. Aliutazama uzamili ukutani kwa muda.

"Dada yangu," alisema, "mikono yangu imeshasahau. Tangu nimalize nafundisha watoto wa jirani hesabu sebuleni kwa dada wa mume wangu, na kila siku naambiwa nisimalize sukari. Wewe unaniambia nitakaa, nitalipwa, na hakuna atakayeniuliza? Nipe hicho kiti."

"Hutachoka?"

"Nitachoka nikiwa nimeshiba." Akacheka, akaziba mdomo kana kwamba amekosa adabu. "Samahani. Unaondoka lini?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mkaguzi alikuwa ameshasema, mama alikuwa ameshasema, Mama Mizani na wenzake wasingekosa siku hata moja ya kazi. Alichotakiwa ni kutaja siku. Alifikiria kushuka ngazi na koti mkononi, kutoka getini, kukata kushoto, na baada ya hapo hakuona kitu. Hakukuwa na barua ya kumwita popote. Aliona bahasha, viti vya kusubiria, miaka mingine mirefu ya kuacha namba ya simu. Aliona macho ya mama juu ya sindano. Na aliwaona wale wenye kola zilizopigwa pasi ambao bado walikuwa nje juani, ambao yeye angekuwa nyuma yao kwenye foleni.

"Bado," alisema. "Nipe muda kidogo."

Mgeni alielewa upesi mno, jambo lililomuuma zaidi. Aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akashuka akishikilia chuma cha ngazi. Dada Kioo alimwona akipita katikati ya vumbi jeupe, akiwasalimia wafungashaji mmoja mmoja kama mtu anayejitambulisha.

Jumatatu iliyofuata mwanamke yule alikuwa getini tena. Mlinzi akampandisha. Alileta karanga kwenye karatasi, wakala pamoja, wakazungumza habari za walimu wao wa chuoni na moshi wa maabara zisizo na madirisha. Dada Kioo alimpisha kwenye bureti. Mgeni akadondosha, maji yakakolea mno, wote wawili wakacheka, akarudia. Alipokuwa anaaga aliuliza, akitazama pembeni, "Bado?"

"Bado."

Mpaka leo anakuja kila Jumatatu. Siku hizi haulizi kwa maneno. Anasimama kidogo mlangoni, mkono kwenye kitasa, anamtazama mwenzake ndani ya kile kiti. Dada Kioo anatikisa kichwa, na yule mwanamke anashuka ngazi.